Kata leo, gundi kesho: fotomontaji kwa njia ya Hannah Höch

Simu yako inaweza kukata picha kwa kuguswa mara moja tu. Hata hivyo, wanaokuja kujifunza kwangu nawaanzishia mkasi, kwa sababu fotomontaji, yaani sanaa ya kuunda picha mpya kwa vipande vya picha nyingine, ilizaliwa mezani, kati ya magazeti yaliyorundikana, na mkono huona mambo ambayo kidole kwenye kioo hakiyaoni.

Mwalimu wangu, kupitia kazi zake, ni msanii Hannah Höch wa Berlin. Kuanzia 1916 hadi 1926 aliajiriwa na kampuni ya uchapishaji ya Ullstein, akibuni mitindo ya tarizi na lesi. Kampuni hiyohiyo ilichapa gazeti la picha ambalo aliligeuza malighafi yake. Wenzake wa kundi la wasanii lililoitwa Dada (jina lisilohusiana na dada wa Kiswahili) walilitoa neno montaji karakanani: kwa Kijerumani, Monteur ni fundi wa kuunganisha mitambo. Nalipenda sana neno hilo. Fundi huanza na vipande.

Hatua ya 1: Jua unachotaka kusema, ndipo ukusanye. Tafuta magazeti ya zamani yenye nyuso, mikono, mashine na herufi kubwa. Chukua kitu kimoja kwa vipimo tofauti, kikubwa na kidogo, maana katika fotomontaji ukubwa ndio sauti. Itazame kazi ya Höch ya 1919–1920, ambayo jina lake refu huanza na “Kata kwa kisu cha jikoni”. Ina kimo cha sentimita 114 na upana wa 90, imejaa wanasiasa, magurudumu na umati wa watu. Halafu shuka hadi pembe ya chini kulia. Kuna ramani ndogo ya nchi za Ulaya ambako wanawake walikuwa na haki ya kupiga kura, na ukingoni mwake ameweka uso wake mwenyewe. Wanawake wa Ujerumani walikuwa wamepiga kura ya kitaifa kwa mara ya kwanza Januari 1919. Jambo zito kuliko yote amelipa kipande kidogo, na jicho likishakifikia haliondoki upesi.

Hatua ya 2: Kata. Kwanza kata kwa upana kuzunguka umbo, kisha rudi ukingoni. Mkono wenye mkasi utulie. Kinachozunguka ni karatasi. Sehemu za ndani, kama nafasi kati ya mkono na kiuno, zikate kwa wembe mpya juu ya kadibodi nene. Wembe butu huchana, haukati.

Hatua ya 3: Panga bila gundi. Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanapokosa subira. Tandaza vipande juu ya karatasi ya manila, visogeze, vigeuze juu chini. Badilisha kichwa. Katikati ya kazi ile ya Höch, mwili wa mnenguaji Niddy Impekoven unacheza bila kichwa, na juu yake kinaelea kichwa cha mchoraji Käthe Kollwitz, hakijagusa shingo. Mwingine angeviunganisha. Höch aliacha mwanya, na mwanya ule ndio unaomfanya mtazamaji asimame.

Kwa hiyo jiulize kuhusu kila kiungo: kionekane au kifichwe? John Heartfield, wa kundi hilohilo, baadaye alichagua kuficha. Mwaka 1932 alitoa picha ya Hitler kama ya eksirei, uti wake wa mgongo ukiwa rundo la sarafu. Picha ile ilipaswa kuaminika kama eksirei halisi, ndiyo maana viungo vyake havionekani. Mimi nakushauri uanze kwa kuviacha wazi. Utajifunza haraka zaidi.

Ukiridhika, piga picha ya mpangilio kwa simu, kisha uache hadi kesho. Kazi yangu moja niliyoipenda niliigundisha usiku uleule. Asubuhi niliona uso mkubwa umemeza kila kitu, na haukubandukika tena.

Hatua ya 4: Gundi. Anza na vipande vya chini kabisa. Laza kipande kifudifudi juu ya gazeti safi, upake gundi nyembamba kutoka katikati kuelekea kingo, na ubadilishe gazeti kila mara ili gundi isichafue uso wa picha. Gundi ya unga wa ngano inafaa, ila karatasi ya gazeti hulowa na kujikunja, kwa hiyo ipake kidogo sana. Bonyeza kwa kitambaa kikavu, funika kwa karatasi ya kuokea, weka vitabu vizito juu na ungoje usiku kucha.

Ukitaka kuipiga picha, iweke karibu na dirisha, mwanga uingie kwa ubavu. Kila ukingo utatoa kivuli chembamba, usikifute.