Somo: Kufunga spea, madumu na jeki nyuma ya Land Cruiser ya kulala

Habari za leo wakuu. Mwezi huu nimepigiwa simu na watu watatu wanaotengeneza Land Cruiser za kulala safarini, na wote wanauliza jambo moja: nyuma nifunge nini, na nifunge vipi? Nimeona niandike mara moja kila mtu asome. Mimi ni dereva wa watalii hapa Arusha, injinia siyo, ila vumbi nimelila miaka mingi na makosa mengi yaliyomo humu nimeyafanya mwenyewe.

Kubwa kuliko yote lilinikuta kati ya Naabi na Seronera, kule Serengeti. Nilikuwa na Land Cruiser ya modeli ya HZJ78, spea (tairi la akiba) iko kwenye mlango wa nyuma kama ilivyotoka kiwandani, ila tulikuwa tumevalisha matairi makubwa zaidi, na kwenye mlango huohuo tukachomelea kishikio cha madumu mawili ya dizeli. Rasta za kipande kile, yale mawimbi ya barabara ya vumbi, mnazijua. Nikawa nasikia kitu kinagonga, nikasema ni sufuria za mpishi. Tuliposimama, bawaba ya chini ilikuwa imechana bati, mlango mzima unaning'inia kwenye bawaba ya juu. Tuliufunga kwa kamba ya hema, wageni wakala vumbi hadi kambini.

Kilo zenyewe hazikuwa za kutisha. Shida ilikuwa mahali tulipoziweka.

HATUA YA 1: PIMA, USIKADIRIE

Tafuta mizani ya kuning'iniza, ile ya wanunuzi wa mazao, na pima kila kitu kikiwa kimejaa. Dumu la chuma la lita 20 lenye dizeli ni takriban kilo 21. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, lakini dumu lenyewe lina kilo zake nne. Likiwa na maji linafika 24. Jeki ndefu ya Hi-Lift ya inchi 48 ni kama kilo 13. Spea ya 7.50R16 kwenye rimu ya chuma inacheza karibu na kilo 40, ila ya kwako ipime, matairi hayalingani.

Fremu nayo ni mzigo, na hii ndiyo husahaulika. Mafundi wetu wa kuchomelea wana huruma sana na chuma kinene. Nimewahi kuona bampa ya nyuma iliyotengenezwa kwa ajili ya kubeba kilo 80, na yenyewe watu wawili hawaiinui.

HATUA YA 2: PIGA HESABU YA MKIA

Shika ndoo ya maji ukiibana kifuani, kisha inyooshee mkono mbele. Maji ni yaleyale, mkono ndio unaolia. Gari nalo liko hivyohivyo: kila kinachokaa nyuma ya ekseli ya nyuma kinaikandamiza kuliko kilo zake, na papo hapo kinainyanyua pua.

Pima umbali kutoka katikati ya ekseli ya nyuma hadi katikati ya mzigo. Gawanya kwa umbali wa ekseli hadi ekseli. Zidisha kwa kilo za mzigo. Jibu ndilo linaloondoka mbele, na nyuma panabeba mzigo wote pamoja na jibu hilo. HZJ78 ina mita 2.98 ekseli hadi ekseli, tuseme 3. Weka kilo 100 mita 1.5 nyuma ya ekseli: mbele panapungua kilo 50, nyuma panaongezeka 150. Hapo gari limesimama tu. Likianza kuruka kwenye rasta, mzigo huohuo unapiga kama nyundo, maelfu ya mara kwa siku moja.

Sasa soma kibao cha mtengenezaji uone ekseli ya nyuma inaruhusiwa kilo ngapi, kisha peleka gari kwenye mizani ya magari likiwa limejaa mafuta, maji, vyombo na watu wako. Maghala mengi ya nafaka yana mizani hiyo, na ukiomba kwa adabu wanakupimia. Pima ekseli mojamoja. Ikizidi, usidanganyike na kuongeza springi. Springi zinainua mkia upendeze macho. Ekseli, beringi na matairi vinabaki na uwezo uleule.

HATUA YA 3: AMUA KISICHOKWENDA NYUMA

Maji yahamie ndani, sakafuni, mbele ya ekseli ya nyuma. Betri ya pili na boksi la spana vivyo hivyo. Petroli ya jenereta isikae ndani ya gari, wala isikae nyuma, maana nyuma ndiko tunakogongwa. Kidumu kidogo cha chuma juu ya keria kinatosha. Mimi nyuma naacha vitu vitatu tu: spea, jeki, na dumu moja la dizeli ambalo nalimimina kwenye tangi mara tu nafasi ikipatikana.

HATUA YA 4: SHIKA CHASISI

Hapa ndipo penye kazi. Mlango ni bati lililokunjwa. Bampa ya kiwandani kazi yake si kubeba. Kinachobeba ni chasisi, na fremu yako lazima ishuke hadi kwenye reli zake mbili, vile vyuma virefu vya chini ya gari, kulia na kushoto, ipite kwenye matundu yaliyokwishatobolewa kiwandani ya bampa na ndoano za kuvutia. Ukibuni matundu mapya, toboa ubavuni mwa reli, katikati ya kimo chake. Usiguse uso wa juu wala wa chini. Chasisi inapopinda, nyuso hizo mbili ndizo zinazovutwa na kubanwa zaidi, na tundu lolote pale ni mwanzo wa ufa.

Kumbuka chasisi ya Cruiser ni boksi lililo wazi ndani. Ukipitisha bolti ndefu upande hadi upande na kuikaza tupu, unaliponda boksi, na likishapondeka mkazo haupo tena. Ingiza kipande cha bomba ndani kama bushi, chenye urefu sawa na upana wa ndani, bolti ipite katikati yake. Nje weka bati nene la kuegemeza, kubwa kuliko washa.

Bolti zitazame kichwani. Ziwe na namba 8.8 au 10.9. Isiyo na namba irudishe kwa muuzaji hata kama inang'aa. M12 (unene wa milimita 12) ya 8.8 inakazwa takriban Nm 80 kwa spana ya kupimia mkazo. Kukaza kwa hasira hadi mshipa utoke shingoni si kipimo. Nati ziwe za nailoni ndani, na ukizifungua usizirudishe, weka mpya.

Kama kuna kuchomelea kokote kwenye fremu, fremu itolewe ichomelewe chini. Ikishindikana, ondoa waya za betri na za alteneta, na hakikisha tangi na mipira ya mafuta viko mbali na cheche.

HATUA YA 5: MKONO WA SPEA

Spea ikitoka mlangoni, inahitaji mkono unaofunguka pembeni. Mhimili wake uwe na beringi mbili za koni, kama habu ya trela, ujazwe grisi na uwe na sili ya kuzuia vumbi. Bomba ndani ya bomba bila beringi litacheza baada ya safari mbili, na kinachocheza kinajivunja chenyewe. Upande wa pili weka komeo mbili, si moja, pamoja na mpira mgumu ambao mkono unaugandamiza ukifungwa. Ukiusukuma kwa mkono hutakiwi kusikia chochote.

HATUA YA 6: MIKANDA, TAA, MOSHI

Mikanda ya racheti inashika. Mipira ya tyubu, pamoja na mapenzi yetu yote kwake, inanyamazisha kelele tu. Usiipe kazi ya kubeba. Dumu usilijaze hadi mdomoni, jua la mchana linatanua mafuta.

Zunguka nyuma uangalie taa za breki, indiketa na namba ya gari. Kimoja kikizibwa, kihamishie nje ya fremu, na ongeza viakisi vyekundu kwenye ncha zote mbili. Dumu lisikae juu ya ekzosi. Taa za mbele zishushe upya, kwani pua imepanda na utawapofusha wenzako usiku.

HATUA YA 7: JARIBU

Chora mstari wa rangi unaovuka nati, bolti na bati. Mstari ukivunjika, kitu kimelegea. Huhitaji hata spana kujua. Nikitoka Arusha nasimama Makuyuni, kama kilomita 80, nakagua na kukaza. Karatu nakagua tena. Lami ikiisha, natazama kila jioni kwa tochi, hasa kwenye kona za kuchomelea, kwa sababu ufa huanza kama unywele wa kutu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mwanza): Mkuu, fundi wangu anasema kuchomelea fremu moja kwa moja kwenye chasisi ni imara kuliko bolti. Anakosea?

Jibu: Mshono wake huenda ukawa imara kuliko chuma chenyewe, na ndiyo shida. Joto linabadili chuma cha chasisi pembeni mwa mshono, na ufa unaanzia hapo, wala si kwenye kazi yake. Halafu bolti unaifungua ukitaka kubadili. Mwambie achomelee fremu awezavyo, chasisi aiachie bolti.

Swali (Dar es Salaam): Nina Noah, nimetoa viti nikaweka kitanda. Nataka stendi ya nyuma ya kubeba pikipiki ya Boxer, nikifika niwe nazunguka nayo.

Jibu: Kaka, hapana. Kwanza Noah haina chasisi ya reli kama Cruiser, bodi lenyewe ndilo mifupa, hivyo stendi utaifunga kwenye bati. Pili fanya hesabu ya hatua ya 2. Boxer ni kama kilo 120, ikae mita 1.25 nyuma ya ekseli, na Noah ya modeli ya AZR60 ina mita 2.825 ekseli hadi ekseli: kilo 53 zinaondoka mbele, na stendi bado hujaihesabu. AZR60 hiyo inavutwa na magurudumu ya mbele. Kwa hiyo unapunguza uzito palepale panapovuta, panapokata kona na panapofunga breki zaidi. Mvua ikinyesha utanikumbuka. Baiskeli moja ibebe ndani. Pikipiki kodi ukifika.

Swali (Minnesota, Marekani): Shikamoo mzee. Mimi nina trela la kulala, lile la kuvutwa. Nataka kufunga jenereta la kilo 50 na boksi kwenye bampa ya nyuma, lile bomba la mraba. Linafaa?

Jibu: Marahaba mwanangu. Bomba hilo la inchi 4 kwenye trela nyingi za huko ni jembamba, na ndani huhifadhiwa mpira wa maji machafu. Soma kitabu cha trela kwanza. Watengenezaji wengi wanakataza kabisa kufunga mzigo hapo. Ukipata pa kushika kwenye fremu halisi, bado kuna jambo la pili. Trela likivutwa, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake inatakiwa ikae kwenye ndoano ya gari. Tuseme trela lako ni kilo 2,500 na ndoano inabeba 300, yaani asilimia 12. Ukiweka kilo 70 mita 3 nyuma ya ekseli, na kutoka ekseli hadi ndoano ni mita 5, ndoano inapoteza 42. Zinabaki 258 kati ya 2,570, umefika ukingoni mwa asilimia 10. Chini ya hapo trela linaanza kutikisa mkia barabara kuu, na likianza hulirudishi kwa usukani. Jenereta liweke mbele, juu ya fremu ya ndoano, kisha pima upya, maana huko nako kuna kikomo.

Swali (Moshi): Mtungi wa gesi wa kilo 6 naweza kuuning'iniza karibu na spea?

Jibu: Usiuweke. Mtu akikugonga nyuma, wa kwanza kupigwa ni mtungi. Uweke kwenye boksi la ubavuni, umesimama, valvu juu, na boksi liwe na tundu chini linalotoa hewa nje ya gari, kwani gesi hii ni nzito na hushuka.

Swali (Arusha): Mzee, magari mangapi hapa mjini yana spea mlangoni na yanapiga kazi kila siku? Unatutisha.

Jibu: Ni kweli, mengi tu. Tairi la saizi ya kiwandani, mlangoni, bila nyongeza, linavumilia ukikagua bawaba. Mlango wangu ulichanika kwa sababu niliweka tairi kubwa na madumu. Kama yako iko mlangoni, fungua mlango nusu, unyanyue kwa ncha. Mlango ukipanda na kushuka kabla bawaba haijashika, pini zimelika. Kisha toa kapeti la ndani utazame bati nyuma ya bawaba.

Swali (Karatu): Bolti moja ya fremu yangu inalegea kila safari, palepale. Naikaza, inalegea.

Jibu: Acha kuikaza. Itoe utazame tundu. Likiwa limekuwa na umbo la yai, fremu inatembea na bolti mpya haitasaidia. Tengeneza bati la kuegemeza lenye tundu sahihi, lishikwe na bolti mbili za ziada ubavuni. Tundu likiwa zima, itazame bolti yenyewe: nyuzi zikiwa zimevutika karibu na nati, ilikazwa kupita kiasi, itupe. Na kama vyote ni vizima, ingiza kidole ndani ya reli uniambie kama bushi ipo.