Jinsi ya kuomba ithibati ya ISO 15189 kwa maabara ya hospitali

ISO 15189 ni kiwango cha kimataifa cha ubora na umahiri wa maabara za tiba, na ithibati ni utambuzi rasmi kwamba maabara inakifuata. Kujaza fomu ya maombi si kazi kubwa. Kinachochelewesha ni vielelezo vyake, na kinachowatisha watu bure kuliko vyote ni hesabu ya shaka ya kipimo, yaani kiasi ambacho jibu linaweza kupishana na thamani halisi.

1. Tumia toleo la 2022, lililochukua nafasi ya lile la 2012. Upimaji wa kando ya kitanda cha mgonjwa nao umeingizwa humo, kwa hiyo usizisahau glukomita (mashine ndogo za kupima sukari) za wodini kama unataka ziwemo kwenye ithibati.

2. Chagua chombo cha ithibati na vipimo utakavyoombea. Maabara za Tanzania huweza kuomba SADCAS, chombo cha ithibati cha nchi za SADC, chenye makao Gaborone, Botswana. Kenya wana chombo chao, KENAS. Si lazima uombee kila kipimo unachofanya. Ningeanza na vile vyenye kontroli ya kila siku (sampuli ya thamani inayojulikana ya kuhakiki mashine) na matokeo mazuri ya upimaji linganishi wa nje, ambapo maabara nyingi hupima sampuli ileile na kulinganishwa.

3. Kokotoa shaka ya kila kipimo chenye jibu la namba. Hapa usiharakishe. Chukua matokeo ya kontroli ya miezi kadhaa, yanayogusa loti tofauti za vitendanishi na watumishi wa zamu zote. Data za wiki moja tulivu zitakudanganya. Tuseme kontroli ya glukosi ina wastani wa 7.0 mmol/L na SD (mchepuko sanifu, yaani jinsi matokeo yanavyotawanyika) ya 0.15. Cheti cha kalibreta (kimiminika cha kusawazishia mashine) kinasema shaka yake ni 0.16, lakini soma maandishi madogo: kama wameandika k=2, yaani wameshaizidisha kwa mbili, gawa kwa mbili upate 0.08. Sasa 0.15 kipeo cha pili jumlisha 0.08 kipeo cha pili ni 0.0289, kipeuo chake cha pili ni 0.17. Zidisha kwa mbili, k=2 ileile, upate shaka ya jibu la mwisho: 0.34.

Maana yake, mgonjwa aliyepimwa akiwa hajala akapata 6.8 anaweza kuwa popote kati ya 6.46 na 7.14, na mpaka wa kisukari ni 7.0. Daktari akiuliza, lazima uwe na namba hiyo ya kumpa. Linganisha pia 0.34 na kikomo ulichojiwekea mwenyewe. Bila kikomo, mkaguzi atauliza ulikokotoa ya nini.

Kwa kipimo cha haraka cha malaria, ambacho jibu lake ni ndiyo au hapana, andika sababu ya kutokokotoa na uiweke kwenye faili.

4. Fanya ukaguzi wa ndani, kisha mapitio ya menejimenti, kwa utaratibu huo. Kumbukumbu za vyote viwili zitatakiwa.

5. Tuma fomu, orodha ya vipimo pamoja na mbinu na mashine zake, nyaraka za mfumo wa ubora, na ada. Jina la kipimo kwenye fomu lifanane na lililo kwenye SOP (mwongozo wa maandishi wa kufanya kipimo).

6. Nyaraka zikipita, wakaguzi watakuja. Watamtaka mtumishi apime mbele yao, na watafuatilia jibu moja kuanzia sampuli ilipopokelewa. Hoja watakazoacha zifungwe ndani ya muda uliotolewa, kila moja ikiwa na chanzo cha tatizo lake. "Mtumishi ameelekezwa upya" peke yake si chanzo.

7. Cheti kikitoka, soma kiambatisho chake. Kipimo kisichotajwa humo kisitolewe kwenye ripoti kana kwamba kina ithibati.