Kabla hujapanda boti: weka haya sawa, safari isije ikameza biashara yako

Mi nafundisha watu kuandika. Siyo shule, ni ile ya mtu mmoja mmoja, mtu ana hadithi kichwani miaka nenda rudi, tunakaa nayo wiki 8 mpaka itulie kwenye karatasi. Sasa huku Dar ukisema wewe ni kocha swali la kwanza ni timu gani, Simba au Yanga, kwa hiyo kazi yenyewe tayari inataka maelezo, halafu ukichanganya na picha za bahari kwenye ukurasa wako wa Insta ndo kabisa watu wanapotea.

Nilijifunza kwa aibu. Mwaka juzi Februari nilivuka kwenda Zanzibar kwenye tamasha la muziki la Sauti za Busara, siku nne, nikaposti kila kitu, boti, milango ya Mji Mkongwe, muziki wa usiku pale Ngome Kongwe, pweza wa Forodhani na pilipili yake pembeni. Narudi, inboksi imejaa. Nikasema leo Mungu kanikumbuka. Kufungua: "Dada habari, Zanzibar siku tatu watu wawili mnafanya shingapi?" Watu sita, nilihesabu, wote wanadhani mi ni wakala wa utalii. Wa saba alikuwa mwanafunzi wangu ambaye alishanitumia sura ya pili ya riwaya yake na sijamjibu, akaandika tu: "Dada, naona sura yangu imegeuka pweza." Nilicheka ila iliniuma, maana alikuwa na haki.

Tangu hapo sisafiri kabla sijaweka vitu fulani sawa, na cha kwanza ni ukurasa wenyewe. Fikiria mtu asiyekujua kaona picha yako ya jahazi, kaipenda, kabonyeza jina lako. Anakutana na nini? Insta inakupa herufi 150 tu za kujieleza na wengi wetu tunazimaliza kwa "mwandishi, msafiri, mama, mpenda chai", yaani mtu anajua unakunywa nini ila hajui unauza nini. Yangu sasa hivi inasema nakusaidia umalize hadithi yako, wiki 8, mimi na wewe tu. Chai nimeitoa. Chini ya hapo wanakuruhusu kubandika posti tatu zikae juu muda wote, zitumie zote: moja inaeleza kazi yako, moja inaonyesha kazi ya mwanafunzi (kwa ruhusa yake, tafadhali), ya tatu namna ya kujiunga na bei. Ndiyo, bei. Hii tabia ya "bei njoo inboksi" mi binafsi inanichosha, mtu akishaona hivyo anajua tu ni ghali na anasepa. Ukishaweka hizo tatu, hata uposti ufukwe wa Nungwi siku nzima, anayeingia mlangoni anakuta kibao.

Halafu kuna suala la nini uposti, na hapa ndo penyewe. Sisemi usiposti safari, watu wanapenda kukuona mtu na si tangazo, na kusema kweli wengi walionilipa walianza kwa kunipenda mimi kwanza. Ila kabla sijaondoka naandika kwenye daftari vitu vitatu ninavyofundisha mwezi huo, mfano mazungumzo, harufu, mwanzo wa hadithi, halafu nikiwa huko nawinda hivyo tu. Mwaka uliofuata nilirudi Zanzibar, nikaenda kula urojo, na yule mama akiwa anamimina, bakuli mkononi, viazi vimeshaingia, bhajia zimeshaingia, hakuniuliza nataka nini. Aliniuliza, "Mwanangu, tangu asubuhi umekula?" Ningekuwa yule wa zamani ningepiga bakuli picha na kuandika Zanzibar tamu. Safari hii niliandika hilo swali lake, nikasema ona, swali moja tu na ushamjua mtu, sasa wewe nenda kamwandike muuzaji wa mtaani kwako kwa swali moja analopenda kuuliza. Likes hazikuwa nyingi, pweza alinishinda mbali sana. Ila watu walituma maswali ya wauzaji wao, wa chapati, wa mitumba, na wawili kati yao wakajiunga.

Picha yake yule mama sikuweka, nilimuomba akakataa, basi. Omba kabla hujapiga, hasa akina mama na watoto, mtu anayefundisha wengine kusimulia maisha ya watu hatakiwi kuyaiba.

Yale ya kwako kabisa, familia, suti ya kuogelea, pweza, yatafutie chumba chake kabla ya safari na si ukiwa tayari umelewa upepo wa bahari. Insta ina orodha ya marafiki wa karibu, WhatsApp unaweza kuchagua nani aione status na nani asiione, au kuwa na laini mbili, ya biashara na ya nyumbani, mi ndo nilichofanya. Na usijidanganye kwamba stori inafutika baada ya saa 24 kwa hiyo haina madhara, mtu ana muda wote huo wa kuipiga picha. Pia mahali ulipo paposti ukishaondoka hapo, si lazima mtaa mzima ujue nyumba haina mtu.

Hoteli ikikupa usiku wa bure uwatangaze, amua ukiwa nyumbani kama unakubali, na ukikubali sema wazi. Bando, pawabanki, haya unayajua.

Wanafunzi sasa. Waambie wiki mbili kabla, tarehe ya kuondoka na tarehe ya kurudi, na usipande boti una kazi ya mtu mkononi, hata kama itabidi ukeshe. Mtu aliyelipa na kujibiwa anakuona Forodhani anasema kula dada. Asiyejibiwa anaona hela yake ndo iko kwenye mshikaki. Mi kwenye WhatsApp ya biashara naweka ujumbe wa kujibu wenyewe: niko safarini mpaka Jumatatu, kazi yako nimeipokea, nitakujibu Jumanne.

Ila ukirudi uuzime. Mi niliusahau wiki tatu nzima, mpaka mteja mmoja akauliza kwa upole kabisa hiyo boti imeharibika wapi.