Namna ya Kuandika Mambo ya Kwanza ya Chuo Kikuu Bila Kukosea: Mfano wa Mlimani

Ukipewa kazi ya kuandaa orodha ya mambo ya kwanza katika historia ya chuo kikuu, iwe ni kwa kijitabu cha mahafali au kwa kumbukumbu ya idara, usianze kwa kutafuta majina. Amua kwanza chuo chenyewe kilizaliwa lini, kwani kila "wa kwanza" utakayemtaja atahesabiwa kuanzia hapo. Nitatumia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kiitwacho pia Mlimani kwa jina la kampasi yake kuu, kuwa mfano, kwa sababu mitego yake ni mingi.

Chuo hicho kina tarehe tatu za kuzaliwa, na zote ni sahihi. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, kilifunguliwa kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, ndani ya jengo la TANU lililopo Mtaa wa Lumumba, kikiwa na Kitivo cha Sheria peke yake na wanafunzi 14. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na tarehe 1 Julai 1970, muungano huo ulipovunjwa, kikasimama chenyewe. Kwa hiyo mhitimu wa kwanza aliyesomea Dar es Salaam si yule wa kwanza kutunukiwa shahada yenye jina la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kuwa shahada zilizotolewa kabla ya Julai 1970 hazikubeba jina hilo. Ukiandika "mhitimu wa kwanza wa Mlimani" ukaishia hapo, umeandika sentensi ambayo watu wawili wanaweza kuidai.

Baada ya tarehe, kagua vyeo, na hapa ndipo Kiswahili chetu kinapowaponza wengi. Maneno "mkuu wa chuo" hutumika kwa mtendaji anayekiongoza chuo kila siku, na hutumika vilevile kwa mwenye cheo cha heshima anayetunuku shahada. Cranford Pratt, Mkanada, ndiye aliyekiongoza chuo kishiriki tangu 1961, na mwaka 1965 akapokewa na Wilbert Chagula, Mtanzania wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere akawa Mkuu wa Chuo kwa maana ile ya heshima, cheo ambacho tayari alikuwa nacho katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, huku utendaji ukikabidhiwa Pius Msekwa, Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza, ambaye hakutoka darasani bali alikuwa Katibu Mtendaji wa TANU. Ni watu wanne, na kila mmoja ana "ukwanza" wake. Dawa ni kutaja cheo kamili, jina la chuo kama lilivyokuwa wakati huo, na mwaka.

Vitivo navyo vinahitaji swali moja: je, kilianzia chuoni au kilihamia? Mafunzo ya udaktari Muhimbili yalianza 1963 katika shule iliyokuwa nje ya chuo, yakawa kitivo mwaka 1968. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya chuo hicho ilikuwa na mizizi katika kamati ya lugha ya 1930, yaani ilikuwa na umri mkubwa kuliko chuo chenyewe, ilhali Idara ya Kiswahili ilikuwa ya 1970; zote mbili ziliunganishwa mwaka 2009. Anayechanganya historia za hizo mbili huipa idara miaka 40 isiyo yake.

Picha pia hudanganya. Nimeona mara nyingi habari za 1961 zikipambwa kwa picha ya Ukumbi wa Nkrumah ulioko Mlimani, ule uliokuwa kwenye noti ya zamani ya shilingi 500, na wakati huo masomo yalikuwa bado yako mjini. Kuhamia Mlimani kulifanyika 1964.

Jihadhari vilevile na tarakimu zinazofanana. Makerere nayo ilianza na wanafunzi 14, mwaka 1922, wakisomea ufundi, na wanawake hawakupokelewa hadi 1945, ndipo kaulimbiu yake iliyowataja wanaume peke yao ilipobadilishwa. "Wale 14 wa kwanza" ni maneno yasiyofaa kuachwa bila jina la chuo.

Unapofika kwenye uandishi wenyewe, kila dai lishikwe na hati: daftari la udahili, kijitabu cha mahafali cha mwaka husika, au sheria iliyokianzisha chuo. Simulizi za wazee zinafaa kukuelekeza pa kutafuta, lakini mzee anayekumbuka kwamba binamu yake "alikuwa wa kwanza" mara nyingi anakumbuka wa kwanza kutoka wilayani kwao, na hilo nalo ni jambo la kweli likiandikwa hivyo. Pale hati inapoonyesha kundi zima lililoingia siku moja, andika "miongoni mwa wa kwanza". Na jina lisilo na hati libaki kwenye jalada lako hadi hati ipatikane.