Ukitaka kununua gesti ya kizamani Mji wa Kale Mombasa, anzia hapa

Watu wakipita Ndia Kuu wakaona nyumba ya kale, roshani ya mbao, mlango wa kuchonga, chini hoteli inanukia pilau na juu vyumba vya wageni, wanataka kulipa hapo hapo. Tulia kwanza. Mimi na binamu yangu tulibakisha kidogo tu tulipe arbuni ya gesti moja, kumbe anayeuza ni mmoja kati ya warithi saba na wenziwe hawana habari, tuliokolewa na mzee wa jirani aliyetuuliza "wanangu, dada zake mmewaona?"

Kwa hivo hatua ya kwanza ni ardhi, sio jengo. Mombasa kuna hii ya nyumba bila ardhi, yaani mtu anamiliki kuta na paa lakini kiwanja ni cha mwengine na analipwa kodi yake, sasa ukinunua ukidhani umepata vyote umenunua mawe tu. Omba nakala ya hati na nambari ya ploti, halafu loya wako (wako, sio wa muuzaji) afanye sachi ofisi ya ardhi, yaani aangalie kwenye daftari mwenye hati ni nani. Hati nyingi za hapa zilianzia sheria ya hati za ardhi ya 1908 kwa hivo ni makaratasi mazee, mpe mda. Uliza pia kama ni wakfu, yaani mali iliyotolewa sadaka ya kudumu, manake wakfu hauuzwi hata msimamizi wake akuapie vipi, hilo swali lipeleke kwa Tume ya Wakfu. Mwenye nyumba akiwa ameshafariki, taka karatasi za mirathi za korti na kila mrithi atie sahihi, na kama muuzaji ana mke au mume pia yeye akubali kwa maandishi. Wewe kama sio Mkenya, katiba ya 2010 inakupa ardhi ya kukodi tu, isiyozidi miaka 99.

Hatua ya pili wengi wanairuka na ndio inayowaumiza. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi tangu 1990 na kuna ofisi ya uhifadhi chini ya Makumbusho ya Taifa, nenda huko na picha za nyumba KABLA ya kutia sahihi, uwaeleze unachotaka kubadilisha. Ukiwa na ndoto ya madirisha ya aluminiamu na ghorofa ya kuongeza bora ununue Nyali, mtaa wa kisasa ng'ambo ya pili. Halafu zile kuta ni matumbawe na chokaa, ukizipiga plasta ya simenti unyevu unafungika ndani na rangi inabambuka kila mwaka, tafuta fundi anayejua chokaa.

Baada ya hapo ni makubaliano, kawaida unalipa asilimia 10 na baki ndani ya siku 90. Muuzaji alete kibali cha kaunti kwamba hadaiwi reti, yaani kodi ya kiwanja ya kaunti, na ile kodi ya asilimia 15 ya faida ya kuuza nyumba ni yake sio yako, wengine hujaribu kukusukumia. Yako ni stampu duti, ushuru wa kuhamisha hati, mjini asilimia 4 ya thamani, inalipwa kwa iTax, mtandao wa kodi wa serikali, baada ya mthamini wa serikali kupita, nyumba ya milioni 20 ni laki 8 hizo, ziweke kando mapema. Ndio sasa hati inageuzwa jina.

Leseni nazo haziji na nyumba. Unaomba upya permiti ya biashara kaunti, leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, afya, zimamoto, na vyeti vya afya vya wapishi. Loya atoe tangazo la kuhamisha biashara kwenye Gazeti la Serikali, la sivyo madeni ya muuzaji yatakufata wewe, na uitishe risiti za ile asilimia 2 ya mauzo ambayo hoteli na gesti hulipa Hazina ya Utalii. Vitabu vya hesabu atakuonyesha vizuri tu, lakini wewe pitia jikoni umuulize mpishi mara ya mwisho kulipwa mshahara ilikua lini.