Kuthibitisha upya usajili wa uuguzi Uingereza: anza na saa za kujifunza na wenzako

Kwa wauguzi wenzangu mliotoka nyumbani mkasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza (NMC): kila baada ya miaka 3 lazima uthibitishe kwamba bado unaiweza kazi. Utaratibu huu ulianza Aprili 2016. Mimi nimeumaliza juzi, na nusura unikwamishe.

Saa 450 za kazi zinazotakiwa katika miaka hiyo 3 si tatizo kwa mwenye ajira, ingawa aliyesajiliwa kama muuguzi na pia mkunga anahitaji 900. Penye mtego ni kwenye mafunzo. Zinatakiwa saa 35, na kati ya hizo 20 ziwe za kujifunza pamoja na wataalamu wengine. Mimi nilikuwa na saa 41, nikajiona nimemaliza. Meneja wangu, mama Mkenya, akaketi na orodha yangu, kalamu mkononi.

“Hii ulikuwa na nani?”

“Peke yangu, mama. Kwenye kompyuta, nyumbani.”

“Na hii?”

“Peke yangu.”

Akaendelea hivyo hadi chini. Saa nilizojifunza na wenzangu zilikuwa 9 tu, na tarehe ya mwisho ilikuwa wiki tatu mbele. Nilitumia siku zangu zote za mapumziko kuhudhuria mafunzo ya vidonda, ya sukari na ya kuhudumia mgonjwa anayekaribia kufa, nikitoka zamu ya usiku bila kulala. Sitaki mwingine apitie hayo. Kila ukimaliza mafunzo, andika siku hiyohiyo tarehe, saa, ulichojifunza na ulikuwa na nani. Semina ya mtandaoni inahesabika ikiwa mlijadiliana. Video uliyotazama kimya haiingii kwenye zile 20.

Kusanya pia maoni 5 kuhusu kazi yako. Kadi ya shukrani ya familia inafaa, na hata malalamiko yanafaa. Kisha andika tafakari 5, uoanishe kila moja na Kanuni za maadili za NMC. Usitaje jina la mgonjwa, wala namba ya kitanda, wala chochote cha kumtambulisha. Hapa usikimbilie kunakili ya rafiki. Tafakari yangu kuhusu dozi niliyochelewa kumpa mgonjwa ndiyo iliyonibadilisha namna ya kupokea zamu.

Tafakari hizo mtazijadili na mtu aliyesajiliwa NMC. Halafu mthibitishaji, ambaye kwa kawaida ni meneja wako, atapitia ushahidi wako wote na kujaza fomu. Meneja akiwa naye amesajiliwa, kikao kimoja kinatosha kwa yote mawili. Omba kikao hicho miezi miwili kabla, maana meneja naye huenda likizo.

Angalia tarehe vizuri. Usajili ukiisha 31 Machi, maombi yawe yameingia ifikapo 1 Machi. Dirisha la maombi hufunguka siku 60 kabla ya hapo. Ukipitiliza, usajili unafutika na huruhusiwi kufanya kazi ya uuguzi mpaka uombe kurejeshwa, na hilo huchukua wiki kadhaa bila mshahara wa muuguzi.

Kwenye akaunti yako ya mtandaoni utajaza pia tamko la afya na mwenendo, na la bima ya kazi. Ada ya mwaka nayo iwe imelipwa. Ushahidi haupakiwi, ila NMC huchagua baadhi ya watu na kuwauliza zaidi, kwa hiyo fomu zilizotiwa saini zitunze hadi utakapothibitisha tena usajili wako.