Koliflawa ya Kuoka kwa Jibini: Sosi Nzito, Trei Isiyo na Maji

Ukitoa trei ya mboga za jibini kwenye oveni ukaikuta inaogelea maji, usilaumu oveni wala jibini. Tatizo lilianzia kwenye sufuria ya kuchemshia mboga. Koliflawa peke yake ni maji zaidi ya asilimia 90. Ukiichemsha unaiongezea mengine, na moto wa oveni ukiishika, yote yanatafuta pa kutokea. Pa kutokea penyewe ni ndani ya sosi yako.

Kwa hiyo hapa nitakaa zaidi kwenye mambo mawili: kukausha mboga na kupika sosi. Kuoka ni nusu saa tu, wala hakuna ujanja mwingi.

Kwa watu 8, kama chakula cha pembeni:

- koliflawa 1 ya gramu 800 hivi, majani yakishatolewa
- brokoli 1 ndogo na karoti 2
- siagi gramu 50, na nyingine kidogo ya kupaka trei
- unga wa ngano gramu 50 (vijiko 6 vya chakula, vya kusawazisha)
- maziwa mililita 600
- cheddar gramu 150 na mozzarella gramu 100
- kitunguu saumu punje 1, haradali kijiko 1 cha chai
- kungumanga, pilipili manga, chumvi
- chenga za mkate mkavu, konzi mbili

Siagi iwe ya maziwa kweli. Ile ya kopo ya kupaka mkate ni mafuta ya mimea; sosi itakaza, ila ladha itakosekana.

Jibini nazichanganya mbili kwa makusudi. Cheddar iliyokomaa ndiyo yenye ladha, mozzarella ndiyo inayovutika ukichota. Ukitia mozzarella tupu utapata nyuzi nzuri za kupiga picha na chakula kilichopooza. Jibini za mtindo wa Kiitaliano kutoka Njombe zinafaa, na mlioko Goma mna ile ya Masisi, ya jamii ya gouda, ambayo inayeyuka vizuri sana. Nunua kipande ukikune mwenyewe. Iliyokunwa tayari kiwandani huwa imenyunyiziwa unga fulani ili isigandane pakitini, na unga huo huo unaizuia isiyeyuke laini.

Hatua ya 1: Mboga zichemke kidogo, zikauke sana

Chambua koliflawa vipande vya kuingia mdomoni mara moja, kisha iloweke dakika 10 kwenye maji ya chumvi. Koliflawa nyingi tunayokula Dar inashuka kutoka Lushoto, na hata ikionekana safi, viwavi hupenda kujificha kwenye vikonyo. Wataelea wenyewe.

Chemsha maji mengi, tia chumvi kijiko 1 cha chakula kwa lita 2. Tanguliza karoti zilizokatwa slesi, dakika 2. Ongeza koliflawa, dakika 3. Brokoli iingie mwisho, dakika 1 tu. Choma kikonyo kwa ncha ya kisu: kinatakiwa kiingie kwa kusukumwa kidogo. Kikiteleza chenyewe, umeshapitiliza.

Chuja. Wengi wakishachuja wanahamia moja kwa moja kwenye trei, na hapo ndipo wanapojiharibia. Tandaza kitambaa safi mezani, panga vipande kimoja kimoja, vichwa vikitazama chini. Kichwa cha koliflawa kinanasa maji katikati ya vishada, na kikisimama wima hayatoki. Usirundike, usifunike. Mvuke unaopanda ni maji yanayoondoka, uache uende. Baada ya dakika 15 gusa kitambaa; utaona kilivyolowa.

Ukitaka kuongeza uyoga, ukaange kwanza mpaka maji yake yaishe. Mchicha au spinachi ukamue kwa mikono miwili, kisha uukamue tena.

Hatua ya 2: Sosi

Maziwa yakiwa ya ng'ombe moja kwa moja kutoka kwa muuzaji, yachemshe kwanza, na ule utando unaokaa juu usiutupe. Ni malai, utie kwenye sosi. Maziwa yawe ya uvuguvugu unapoanza.

Yeyusha siagi kwa moto mdogo, tia kitunguu saumu kilichotwangwa, sekunde chache tu. Mimina unga wote, koroga dakika 2. Usikubali ubadilike rangi. Unachosubiri ni harufu ya unga mbichi ikatike. Sasa tia maziwa upawa mmoja. Mchanganyiko utakaza ghafla na kuwa donge linaloachia sufuria. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Koroga kwa nguvu, upawa wa pili, koroga, wa tatu, na sosi itaanza kulainika. Hapo unaweza kumimina maziwa yaliyobaki na kushika mchapo wa kupigia mayai.

Lazima ichemke. Unga haukazi sawasawa mpaka sosi itokote, kwa hiyo usiepue kwa sababu tu unaona imekuwa nzito. Ikishatokota, punguza moto, iendelee dakika 5 huku ukikwangua chini. Kisha ipime: chovya mwiko, pitisha kidole mgongoni mwake. Mstari ukibaki wazi bila sosi kuteremka kuuziba, imefika. Iache iwe nzito kuliko unavyopenda kuila, maana mboga bado zitaachia maji kidogo.

Epua. Subiri dakika 2, ndipo utie haradali, kungumanga kiasi cha mkwaruzo mmoja au miwili, pilipili manga, na theluthi mbili ya jibini, konzi kwa konzi. Jibini haipendi sosi inayochemka: protini zake hujikunja, zinayakamua mafuta, na unabaki na sosi yenye chengachenga na mafuta yanayoelea. Ikikukatikia, tia maziwa ya baridi vijiko viwili na upige kwa mchapo nje ya moto. Mara nyingi inarudi. Kuna kinga pia, ingawa wenye majivuno ya jikoni wataibeza: vipande viwili vya ile jibini laini inayofungwa kipande kimoja kimoja. Ina chumvi maalumu zinazozuia mafuta yasijitenge.

Onja kabla ya kuongeza chumvi. Cheddar ina yake ya kutosha.

Hatua ya 3: Kupanga na kuoka

Paka trei siagi, panga mboga, kina kisizidi sentimita 5. Mwaga sosi, gongesha trei mezani mara mbili ishuke kwenye mianya. Changanya chenga za mkate na siagi iliyoyeyuka kidogo pamoja na jibini iliyobaki, nyunyiza juu.

Oveni iwe imeshapata moto wa nyuzi 200, rafu ya juu, dakika 25 hadi 30. Inaiva pale pembeni panapotokota na juu pana madoa ya kahawia.

Huna oveni? Palia mkaa, kama unavyopika mkate wa kumimina. Weka sufuria ya alumini juu ya jiko lenye makaa machache mno, mfuniko bapa, makaa mengi juu yake. Chini kuna joto tayari, kinachohitaji moto ni uso. Usitumie bakuli la kioo, litapasuka. Anza kuchungulia baada ya dakika 15. Na jiko likae nje au penye hewa ya kutosha.

Ikitoka, iache dakika 10 kabla ya kuchota. Sosi inajikaza inapopoa kidogo; ukiwahi, itamwagika sahanini.

Kuandaa mapema na kupakua

Kwa shughuli, naipanga usiku, naifunika na kuiweka frijini bila chenga za mkate, kwa sababu zitalainika. Siku ya pili chenga zinaingia dakika ya mwisho, na muda wa kuoka unafika dakika 40.

Ipakue na kuku wa kuokwa, samaki wa kuchoma au nyama choma, na kachumbari yenye ndimu nyingi. Wali wa nazi siupendekezi pembeni yake. Vyote viwili ni vizito, watu watashiba kabla ya kufurahi.

Ikibaki, iponde kwa uma ikiwa ya baridi, changanya na pilipili mbichi na kotimiri, jaza kwenye manda za sambusa. Isiwe ya moto, manda zitachanika, na ziba pembe vizuri kwa uji wa unga, la sivyo jibini itavujia kwenye mafuta.